Jicho la Pili

Kigoma, 9 Machi 2025

Mdogo wangu Khadidja,

Asalaam alaikum. Hali yako? Hali ya Mama? Goti bado linamsumbua akiinuka kwenye mkeka? Sisi tumefika Kigoma salama, alhamdulillah, ila mume wangu Rachidi alipata mafua kwenye boti na mpaka leo anapiga chafya. Tumefikia kwa kaka yake. Nyumba imejaa watu, ndiyo maana nakuandikia badala ya kukutumia sauti: hapa simu ikiongea wanasikiliza watu saba. Na wewe uniandikie hivyohivyo, kwa urefu, kama zamani tulivyoandikiana kwenye karatasi za daftari.

Nina ombi. Kuna mwanamke anaitwa Nsimire, alikuwa jirani yangu Uvira, ukuta kwa ukuta. Vita vilipokaribia sisi tulipanda boti, yeye akavuka mpaka wa Burundi kwa mguu na binti yake Irène. Sasa yuko huko kwenu Bujumbura, kwa binamu yake, mtaa wa Carama. Alisomea kontabilite, mambo ya mahesabu, Bukavu na ana vyeti vyake vyote, alivibeba kwenye mfuko wa unga ili visilowe. Wewe uliniambia patron wako anatafuta mtu wa pili wa kukagua fagitire, zile ankara za wateja. Muombee nafasi hiyo.

Huyu kwangu si jirani tu, Khadidja. Kama unanipenda mimi, mpokee yeye.

Msalimie Mama, umbusu mkono.

Dada yako,
Kudra

Buyenzi, 21 Machi 2025

Dada yangu Kudra,

Wa alaikum salaam. Tumefurahi kusikia mmefika. Mama mzima, goti ni lilelile, anasema mwambie Rachidi avute mvuke wa majani ya mkaratusi na aache kulala na dirisha wazi. Mimi mzima, miguu tu ndiyo inauma. Essence ya magari imekosekana tena, mabasi yamelala, natoka Buyenzi mpaka kazini Quartier Industriel kwa mguu kila siku.

Mgeni wako amefika. Mrefu, mwembamba, anaongea polepole kama mtu anayepima kila neno. Nilimpeleka kwa Patron Tajudini siku ya Jumatatu. Unamjua, yule muuza mabati, saruji na nondo. Alimuuliza maswali robo saa, akamwambia aanze kesho yake.

Ngoja nikueleze kazi yetu, maana miaka sita sasa hujawahi kuniuliza. Zamani tulikuwa tunaandika fagitire kwenye kitabu. Ukikosea unachana karatasi. Sasa kila fagitire inaandikwa kwenye kompyuta, na ukibonyeza "tuma" inakwenda moja kwa moja ofisi ya kodi na kurudi na namba yake na mhuri wake. Hapo tena huwezi kuifuta. Ukigundua kosa lazima uandike nyingine ya kuibatilisha, na barua ya kujieleza, na usubiri siku kadhaa, na wakubwa wa kodi waanze kukuangalia kwa jicho baya. Kwa hiyo Patron aliweka sheria: mmoja anaandika, mwingine anakagua kila kitu, jina la mteja, namba yake ya kodi, idadi, bei, jumla, halafu huyo wa pili ndiye anayetuma. Tunamwita jicho la pili. Mimi na Nsimire tunapokezana.

Nimefanya hivi kwa ajili yako, ujue.

Mdogo wako,
Khadidja

Kigoma, 30 Machi 2025

Mdogo wangu,

Eid mubarak. Hamjambo wote? Rachidi amepona, mwambie Mama ahsante kwa dawa.

Nsimire amenipigia. Ameniambia amepata kazi, akalia, na mimi nikalia huku. Anakula vizuri? Yeye ana tabia ya kumpa mtoto chakula na yeye mwenyewe kusema ameshiba. Mchana umwangalie kama amekuja na kitu. Na viatu vyake, ameniambia vilikatika njiani. Miguu yako na yake nadhani inalingana. Yule mtoto ameanza shule? Na binamu yake wa Carama ni mtu mzuri?

Nijibu upesi, nina wasiwasi naye.

Dada yako,
Kudra

Buyenzi, 8 Juni 2025

Dada Kudra,

Asalaam alaikum. Utanisamehe kwa kukaa kimya. Sisi wazima. Umehama kwa shemeji yako au bado? Hewa ya huko inakupatana?

Nsimire anakula. Ana viatu, vile vyangu vyeusi vya kufunga. Mtoto anasoma. Binamu yake hana neno. Nimejibu maswali yako yote. Katika barua yako niliyahesabu, yalikuwa matano, na langu mimi halikuwemo hata moja.

Sasa nikueleze mimi niko vipi.

Wiki tatu zilizopita niliandika fagitire ya nondo. Yeye ndiye alikuwa jicho la pili. Nikamwambia, "Tuma tu, nimeshaiangalia." Akasema, "Subiri kidogo, Dada Khadi." Ana mtindo wake: anasoma kutoka chini kwenda juu. Anaanza na jumla, halafu kodi, halafu mstari mmoja mmoja, jina la mteja mwisho kabisa. Anasema ukisoma kutoka juu, akili inajisomea inachotaka. Akakuta nimeandika nondo za milimita kumi na mbili kwa bei ya milimita nane. Akanionyesha kwa kidole, bila kutoa sauti, ili nisahihishe na mtu asijue. Lakini Patron alikuwa amesimama nyuma yetu, anakunywa chai.

"Khadidja," akasema mbele ya wote, "miaka sita, na hii ungeipitisha? Mtoto wa watu ana miezi miwili tu kazini."

Tangu siku hiyo wateja wakija na fagitire ngumu Patron anasema, "Mpe Nsimire." Wapakiaji kwenye depo ya mizigo wanamwita Professeur. Mimi niliyemfundisha kuwasha ile kompyuta hawaniiti kitu.

Na juzi Eid alikuja hapa nyumbani na Irène. Mkristo, lakini alivaa vizuri, amejifunika na kitenge. Alikuja na sombe ya majani ya muhogo aliyoipika mwenyewe na mawese. Mama ambaye sombe yangu huila vijiko viwili na kusema ameshiba, alirudia sahani. Wakakaa wanacheka. Nilipoingia na chai wakanyamaza kidogo, halafu wakaendelea. Wakati wa kuondoka Mama akamtolea kile kitenge cha bluu kilichokuwa kwenye sanduku. Kile nilichokiomba mwaka juzi akaniambia ni cha akiba.

Najua utasema nina wivu. Basi sema.

Mdogo wako,
Khadidja

Kigoma, 19 Juni 2025

Khadidja,

Wa alaikum salaam. Huku tuko salama, bado tuko kwa shemeji.

Nimesoma barua yako. Nsimire yeye ameniambia hayohayo kwa namna nyingine: kwamba umemfundisha kazi kwa moyo, kwamba Mama yetu amemsahaulisha mama yake aliyebaki kwao. Juu yako hakutoa neno moja baya. Huyo ndiye mtu ninayemjua. Angetoka tumbo moja na mimi nisingeshangaa.

Kitenge ni cha Mama. Atampa amtakaye.

Kudra

Buyenzi, 30 Septemba 2025

Dada Kudra,

Asalaam alaikum. Najua tuna miezi mitatu hatujaandikiana. Natumai nyote mko wazima. Mama anaendelea vizuri.

Nakuandikia kwa sababu utasikia, na ni bora usikie kwangu. Nsimire amefukuzwa kazi jana.

Tuna wateja wawili wenye jina moja, wote wajenzi. Prodige wa Kinindo na Prodige wa Carama. Wanachukiana, kila zabuni wanaigombea. Mwezi huu Prodige wa Kinindo alikuwa apeleke mabati ya kuezeka zahanati moja huko Buterere, ile ambayo upepo uliing'oa paa. Shirika linalolipa lilitaka fagitire yenye jina lake na namba yake ya kodi kabla ya tarehe ishirini na nne. Nsimire akaiandika kwa jina na namba ya Prodige wa Carama. Ikatumwa. Prodige wa Kinindo mwenyewe akaichukua, akaitia kwenye bahasha bila kuisoma. Shirika likaikataa, tarehe ikapita, kazi wakampa mtu mwingine.

Jana asubuhi Prodige huyo akaingia dukani anapiga kelele mpaka watu wakasimama barabarani. "Mumenunuliwa! Yule wa Carama amemununua mutu wenu!" Patron akauliza nani aliandika. Nsimire akasema, "Ni mi." Akaulizwa anakaa wapi. Akasema Carama. Basi ikaishia hapo. Prodige akasema, mnaona? Wanakaa mtaa mmoja! Wakimbizi hawa wanauza hata fagitire! Akataka aitwe polisi. Patron akamtuliza, akamwambia Nsimire achukue mfuko wake aende.

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Ndiyo hivyo.

Mdogo wako,
Khadidja

Kigoma, 3 Oktoba 2025

Mdogo wangu mpenzi,

Asalaam alaikum warahmatullah. Uko salama? Umelala? Umekula? Nakuuliza wewe, Khadidja, wewe mwenyewe.

Nsimire amenipigia jana. Sauti ilikuwa imemkauka. Aliniambia, "Dada Kudra, watu wote walinigeukia mugongo. Ni Khadi peke yake alitoka na mi. Alinishika mukono mpaka kwenye kituo, akalia kunipita mi mwenyewe." Kasema hatalisahau hilo.

Nilikuwa nimekuwekea kinyongo. Juni nilikuandikia maneno makavu na sikukuomba radhi. Nilidhani humpendi. Kumbe siku aliyoachwa na wote, wewe ndiye uliyetoka naye. Nisamehe, mdogo wangu. Nimemwambia Rachidi, huyu ndiye mtoto wa mama yangu.

Mwangalie tafadhali. Anasema atahama kwa binamu yake, ameona haya.

Dada yako anayekupenda,
Kudra

Buyenzi, 12 Oktoba 2025

Dada,

Asalaam alaikum. Barua yako nimekaa nayo siku tisa. Nimeshindwa kula. Mama anadhani nina malaria.

Mimi ndiye niliyekuwa jicho la pili.

Siku ile ilikuwa Alhamisi tarehe kumi na nane. Irène alikuwa na homa tangu usiku uliotangulia, shule ilimpigia mama yake simu aje amchukue. Nsimire aliandika ile fagitire amesimama, mfuko uko begani. Ukiandika "Prodige" kompyuta inaleta majina mawili, moja juu ya jingine. Akachagua la juu. Akanisogezea kiti akasema, "Dada Khadi, leo macho yangu si mazuri. Uniangalilie muzuri, tafazali." Akatoka mbio.

Nikakaa. Nikasoma kama anavyosoma yeye, kutoka chini kwenda juu. Jumla sawa. Kodi sawa. Mabati sawa. Nikafika kwenye jina. Niliona, Kudra. Sikupitiwa. Niliona kama ninavyoona mkono wangu huu.

Simu yake aliisahau mezani, karibu na kikombe changu. Ikawaka. Ilikuwa ni wewe. Umeandika: "Mdogo wangu, umeamkaje leo? Mtoto ana nafuu?" Mdogo wangu. Mimi hukuwa umeniandikia tangu Juni. Nilikuwa kila asubuhi naangalia simu kabla hata ya kunawa uso. Na yeye anaitwa jina langu.

Nikabonyeza.

Halafu ningeweza kusema. Siku ileile tungeibatilisha, tarehe ishirini na nne ilikuwa mbali. Nikanyamaza Alhamisi, nikanyamaza Ijumaa, wiki nzima ikapita nimenyamaza, naye kila siku ananiamkia. Nilijiambia Patron atamkemea tu mbele ya watu, kama alivyonikemea mimi. Nilitaka hilo tu, wallahi. Nilitaka mara moja na yeye asimame pale uso ukimuwaka. Neno polisi sikulifikiria. Neno mkimbizi sikulifikiria.

Siku ya kelele Patron aliuliza nani aliandika. Hakuuliza nani alituma. Nsimire alinitazama mara moja, nikatazama chini. Akasema, "Ni mi." Nadhani aliamini kwamba nami nilipitiwa tu kama yeye, akataka aanguke mmoja badala ya wawili.

Kulia nililia kweli. Hilo hakukudanganya.

Khadidja

Buyenzi, 9 Novemba 2025

Dada Kudra,

Asalaam alaikum. Mwezi mmoja karibu. Naona umesoma, alama mbili zimekuwa za bluu. Sikulaumu. Naandika hivyohivyo.

Mvua zimeanza. Nilimtafuta Nsimire kwa binamu yake, nikaambiwa amepanga chumba Buterere, upande wa mashamba ya mpunga. Nilikwenda Jumamosi. Maji yalikuwa yameingia mpaka kwenye kizingiti, ameweka matofali chini ya kitanda. Anauza mkaa wa kupima kwenye makopo. Vidole vile vilivyokuwa vinapita kwenye kompyuta vimekuwa vyeusi.

Aliponiona alifurahi, Kudra. Hilo ndilo lilinivunja. Akanipangusia kigoda. Akataka kunipikia chai. Nikamwambia kabla maji hayajachemka, maana nilijua nikinywa chai yake sitasema.

Hakupiga kelele. Alizima jiko kwanza. Halafu akauliza, "Uliona jina?"

"Niliona."

"Na ukatuma."

"Nikatuma."

"Juu ya nini?"

Nikamweleza ya simu, na ya kitenge, na ya Professeur. Yalivyokuwa yananitoka mdomoni yalikuwa madogo, hata mimi nikayaonea haya. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mi nilikuwa namuambia mutoto wangu, hapa Buja tuna ndugu wawili. Mama wa Buyenzi na Dada Khadi." Halafu akasema, "Toka, Khadidja." Kwa mara ya kwanza ameniita jina langu lote. Irène alikuwa mlangoni anachezea maji kwa kijiti, akaniambia kwaheri shangazi. Mama yake akamwambia ingia ndani.

Jumatatu nikaenda kwa Patron. Nilimkuta na mahesabu yake, nikamwambia nafunga mlango. Akacheka, akadhani naomba kuongezwa mshahara. Nikamwambia yote. Alinisikiliza huku anazungusha kalamu. Mwisho akasema, "Kosa la macho nalisamehe kila siku. Wewe macho yako ni mazima." Akanitoa kwenye kompyuta hapohapo. Sasa niko kaunta, nawaandikia wateja karatasi za kuchukulia mzigo depo. Angeweza kunifukuza. Nadhani alimkumbuka marehemu Baba, walikuwa marafiki.

Akatuma mtu Buterere kumwita Nsimire arudi. Nsimire akakataa. Alimwambia yule mtu: "Kazi nitapata ingine. Mwambie Patron, nitarudi kama ye na Khadidja wataenda na mi mpaka Kinindo, waniondolee ile aibu ya kununuliwa mbele ya ule mwanaume."

Basi Alhamisi tulikwenda watatu. Mimi nyuma kwenye gari, wao mbele. Prodige alitupokea barazani, amevaa kandambili, hakutukaribisha kukaa. Patron alitaka kuanza kwa maneno ya mzunguko. Nsimire akasema, "Apana. Aseme yeye."

Nikasema. Jina langu, nilichoona, nilichofanya, na kwamba hakuna mtu aliyenunuliwa. Prodige akaniuliza nilimchukia yeye kwa lipi. Nikamwambia wewe sikukufikiria kabisa. Nadhani hilo lilimuuma kuliko kazi aliyopoteza. Alinitukana, nikasikiliza. Halafu akamgeukia Nsimire, akasema pole, madame. Kwa taabu, lakini alisema. Nsimire akaitika kwa kichwa, akashuka ngazi, akarudi kwenye gari.

Amerudi kazini tangu juzi. Meza yake iko nyuma ya kioo, mimi niko mbele yake. Asubuhi nikimsalimia anaitikia, maana ni mtu mwenye adabu. Zaidi ya hapo hakuna.

Mama nimemwambia pia. Hajanigombeza. Alikunja mkeka wake akaenda kuswalia chumbani.

Khadidja

Kigoma, 4 Januari 2026

Khadidja,

Asalaam alaikum. Sisi wazima. Tumepata nyumba yetu, vyumba viwili, karibu na soko. Natumai Mama na wewe mko salama katika mvua hizi.

Barua zako zote mbili ninazo. Nilianza kukujibu mara nyingi. Mwanzoni nilitaka kukuandikia maneno ambayo usingeyasahau mpaka unakufa. Niliyaandika. Halafu nikakumbuka kwamba na mimi nina langu, na kama silitaji nitakuwa nakuhukumu kwa uongo.

Barua yako ya Juni, ya sombe na kitenge, niliisoma mara mbili. Nilijua unaumia. Nilifurahi. Ile sentensi ya tumbo moja niliiandika makusudi, nikaitazama, nikaona itachoma, nikaituma. Na miezi mitatu nilinyamaza nikijua unaangalia simu. Kila swali nililokuuliza juu ya Nsimire lilikuwa swali la kweli, lakini lilikuwa pia ni fimbo.

Unajua kwa nini? Labda hujui, maana hatujawahi kulitaja. Novemba 2023 binti yangu aliishi siku tatu. Kutoka Buyenzi mpaka Uvira ni saa moja na nusu, ukihesabu na kusimama mpakani Gatumba. Goti la Mama lilikuwa haliwezi. Wewe uliniandikia: "Pole sana dada, ni mwisho wa mwezi, fagitire zimenijaa, nitakuja wiki ijayo." Ulikuja baada ya wiki tatu, na mchele. Siku zote zile aliyelala chini kwenye sakafu ya hospitali, aliyenishika nikienda haja, aliyesimama nje ya ukuta wa makaburi kwa sababu si wa dini yetu lakini hakuweza kubaki nyumbani, ni Nsimire. Niliamua siku ile kwamba yeye ndiye mdogo wangu. Nikakuletea mpaka mezani kwako ili uone. Nilitaka uone, Khadidja. Sikujua kwamba atakayelipa ni yeye.

Sijakusamehe bado. Nakuambia ukweli usije ukajidanganya. Na yeye nimemwambia haya yangu yote, kwa simu, Rachidi akiwa ametoka. Akasema, "Nyie wawili mumenichezea kama mupira." Ana haki. Mimi ameniambia nije nimwambie tena usoni.

Kwa hiyo nakuja. Nitapanda basi, nitafika Jumamosi tarehe 17 mchana. Nitakwenda kwa Mama kumsalimia na kula naye. Lakini kulala nitalala kwa Nsimire. Amehama Buterere, amepata chumba kikavu Kinama. Usinitandikie kitanda.

Kudra

Buyenzi, 6 Januari 2026

Dada yangu Kudra,

Wa alaikum salaam warahmatullah. Tumeipokea habari ya nyumba kwa furaha, Mungu aijaze baraka. Mama tangu nimsomee kwamba unakuja ameacha kulalamika goti, ametoka mwenyewe mpaka sokoni kuulizia samaki.

Ya Novemba 2023 nimeyasoma. Nilikuwa na ruhusa ya siku mbili, Kudra. Patron mwenyewe alinipa, aliniambia nenda kwa dada yako. Niliogopa. Sikujua nitakuambia nini nikiingia pale, sikuwa nimewahi kuona mtu aliyefiwa na mtoto, nikajificha nyuma ya kazi. Nikakaa ofisini siku zile mbili nakagua fagitire ambazo zilikuwa zimeshakaguliwa. Sikutajii hili ili unionee huruma. Nakutajia kwa sababu umeniambia lako.

Wivu bado ninao. Nisikudanganye. Nilipofika kwenye "nitalala kwa Nsimire" nilikuwa nimekaa kaunta, nikainua macho nikamwona nyuma ya kioo, anasoma kutoka chini kwenda juu. Nikaandika hapa: njoo ulale kwetu, kitanda chako kipo, mimi nitalala na Mama. Nikasoma. Nikafuta.

Lala kwa Nsimire.

Jumamosi nitakuwa kwenye kituo cha basi tangu saa tano. Utakula kwa Mama, utapumzika. Jioni nitakusindikiza Kinama, begi lako nitalibeba mimi mpaka mlangoni kwake. Akisema niingie, nitaingia. Asiposema, nitarudi nyumbani kumwambia Mama kwamba umefika salama.

Mdogo wako,
Khadidja